Risasi Ishirini Zisizofika

Saa saba mchana Naibu Sherifu Arlys Haugen alisimama kwenye uwanja wa Klabu ya Walenga Shabaha ya Kolstad, Montana, akiitazama karatasi ya shabaha iliyokuwa safi kama siku ilipotoka dukani. Karatasi hiyo ilikuwa ya Duane Schock, na Duane alikuwa ametoka kuipiga risasi ishirini.

"Ishirini, afande," alisema Duane. "Hesabu maganda mwenyewe. Ishirini zimetoka hapa, na haikufika hata moja."

Arlys aliyahesabu, maana kazi ni kazi. Yalikuwa ishirini. Katika miaka kumi na mitano ya kuvaa beji alikuwa ametafuta ng'ombe walioibiwa, matrekta yaliyoazimwa bila ruhusa, hata bwana harusi mmoja. Risasi zilizopotea njiani hakuwahi kuitiwa.

"Huenda umekosa," alisema.

Nyuma yake mtu alikohoa na mwingine akavua kofia. Hapo Kolstad ni afadhali umtukanie Duane mama yake kuliko kumwambia amekosa.

"Afande, mimi nikikosa nakosa kwa upana wa kiganja," Duane alijibu, shingo imeiva. "Yadi elfu moja napiga mfuniko wa sufuria. Karatasi hii ni kubwa kama mlango wa ghala. Hebu niambie, mtu anakosaje mlango wa ghala mara ishirini?"

"Mimi ningeacha baada ya ya tatu," alisema Arlys.

"Nilidhani ni upepo."

Mwenyekiti wa klabu, Bibi Ione Brandvold, alisogea na darubini yake kifuani. Huyu mama alikuwa na sauti ya kuita ng'ombe, na aliitumia hiyo hiyo hata kanisani. "Upepo ulikuwa umelala kabisa," alisema. "Nilimwangalia mwanzo hadi mwisho. Kila akifyatua, nilikiona kimoshi cha kijivu hewani, yadi kama mia mbele ya mtutu. Kinatokea, kinatoweka. Basi."

Arlys aliandika: kimoshi, kijivu, yadi mia.

"Andika na jina," alisema Duane. "Verlin Aune. Amezichezea risasi zangu. Leo asubuhi nilimkuta ameinama ndani ya gari langu, mikono yote miwili ndani. Alipogundua namwangalia akaondoka kama mtu aliyesahau maji jikoni."

Watu wote waligeuka kumtazama Verlin Aune, aliyekuwa amesimama peke yake kando ya pipa la maji. Alikuwa mzee wa miaka sabini na minane, mrefu, magoti yamechoka. Mkewe alifariki miaka minne iliyopita, na mwanawe anaishi Arizona, hupiga simu Krismasi. Jumamosi ya klabu ndiyo siku pekee katika wiki ambayo mtu humwita Verlin kwa jina.

"Kanuni ya tisa," Bibi Ione alisema, safari hii kwa sauti ya chini, jambo lililomshtua Arlys kuliko yote. "Anayechezea risasi za mwenzake anafukuzwa, wala harudi tena. Tunapiga kura leo saa kumi na mbili, kwenye chakula cha jioni. Sitaki, Arlys. Lakini nitafanyaje?"

Arlys hakuipenda kesi hii hata kidogo. Risasi iliyochezewa inaweza kumpasukia mtu usoni, na hilo lilikuwa jambo la mahakama, si la klabu tu. Alikuwa na saa tano.

Alianza na Duane. Akamkalisha juu ya kreti ya soda, akasimama kati yake na jua ili asipate kisingizio cha kukunja uso.

"Risasi zako unazijaza wapi?"

"Nyumbani, mezani jikoni. Mke wangu huhamia kwa dada yake kila Alhamisi. Napima kila kitu, afande. Kila punje ya baruti, kila kichwa cha risasi. Hata feni nazima."

"Na vichwa vyenyewe unanunua wapi?"

Duane alitazama viatu vyake. "Anatengeneza Verlin. Ana mashine bandani kwake. Kila Pasaka humpa kila mwanachama vichwa mia moja."

"Bure?"

"Bure."

"Kwa hiyo mtu anayekupa risasi bure ndiye anayekuhujumu?"

"Ndiyo ujanja wake! Amenishinda miaka miwili mfululizo, tena kwa bunduki iliyomzidi umri mchungaji wetu. Mimi nimenunua mtutu mpya kabisa. Alijua mwaka huu hapiti."

"Umebakiwa na risasi zozote ulizojaza kwa ajili ya leo?"

Hapo Duane alisita. Ulikuwa mfupi, ule wakati, lakini Arlys aliishi na mume aliyeficha biskuti, na kusita kwa namna ile alikujua.

"Tano," alisema Duane mwishoni.

"Nipe."

Alizitoa mfukoni moja moja, kama mtu anayeng'olewa meno.

Kabla ya kuondoka Arlys alipekua gari la Duane. Nyuma ya kiti cha dereva alikuta chupa ya matango ya siki, mfuniko haujaguswa, na kikaratasi kimebandikwa: *Tusinuniane. V.A.* Alikisoma mara mbili, akarudisha chupa mahali pake, kisha akamwendea mzee pale kwenye pipa.

"Mzee Verlin, ulikuwa unafanya nini ndani ya gari la Duane?"

"Nilimwekea matango." Masikio ya mzee yalikuwa yameiva. "Tangu nimshinde mwaka jana hanisemeshi. Nikadhani matango yatasaidia."

"Na ukakimbia kwa nini?"

"Binti yangu, ukikutwa unampa mwanamume mwenzako matango kwa siri, utasimama useme nini?"

Arlys alifunga daftari. "Panda garini. Nionyeshe hilo banda."

Banda la Verlin lilikuwa safi kuliko jikoni kwa Arlys. Katikati ya meza palikuwa na mashine ya mkono, na kando yake trei za vikombe vidogo vya shaba, kila kimoja kiasi cha ncha ya kidole cha mtoto. Mzee alichukua kikombe, akatia kipande cha madini ya risasi ndani, akashusha mpini mara mbili. Kikatoka kichwa cha risasi kinachong'aa, chenye ncha kali.

"Hivyo tu," alisema.

"Mimi nina paketi moja ya risasi za swala, ni ya mwaka wa sita huu," Arlys alisema. "Kwa hiyo nieleze kama unamweleza mtoto. Za shabaha na za kuwinda, tofauti ni nini?"

Verlin aliyekuwa kimya njia nzima alifunguka kama bomba. "Ah! Risasi ya shabaha ina kazi moja tu: kusafiri. Yadi elfu moja bila kubadilika sura. Naiwekea ngozi nene ya shaba ili isiharibike. Ikifika inafanya nini, hatuna habari. Karatasi haifi mara mbili. Lakini ya kuchakuro ni kinyume chake."

Kuchakuro wa Kolstad, vijinyama jamii ya panya, walikuwa wamechimba malisho mpaka yakawa kama chujio, ng'ombe wakavunjika miguu humo, na hakuna mfugaji aliyewahi kuwalilia.

"Ya kuchakuro naitia ngozi nyembamba kama ganda la kitunguu," mzee aliendelea. "Ikigusa kitu chochote, inasambaratika papo hapo. Ikipiga udongo, imekwisha. Ikipiga jiwe, imekwisha. Sitaki risasi yangu iruke juu ya jiwe iende kuwasalimia ng'ombe wa Ione."

"Kwa macho nitazijuaje?"

"Huzijui. Sura moja, uzito mmoja. Nimefanya makusudi, ili bunduki yangu izipige zote pale pale nisihangaike na darubini."

"Wewe unazijuaje?"

"Kwa mahali zilipo. Za shabaha nagawa zote Pasaka, nabakiza mia moja zangu ndani ya kasha la bunduki. Za kuchakuro zinakaa mle." Alionyesha rafu. Palikuwa na kopo la kahawa lililoandikwa jina lake kwa kalamu nene: VERLIN.

Arlys alimpa moja ya risasi tano za Duane. Mzee aliichomoa kichwa kutoka kwenye ganda, akakibana jiliwani, akakikata katikati kwa msumeno wa chuma. Ilichukua dakika nne. Kisha akavisogeza vipande kwenye mwanga.

"Vipi?"

"Ngozi nyembamba. Hii ni ya kuchakuro. Ni yangu."

Wakakata ya pili. Nyembamba vilevile.

"Basi ndiyo maana hazikufika," mzee alisema taratibu, akili yake ikimponza mwenyewe. "Ndani ya mtutu kuna mifereji ya kuizungusha risasi, na wangu unaizungusha polepole. Huo mpya wa Duane unaizungusha kwa kasi ya wazimu, na yeye anashindilia baruti kama anafunga gunia. Ngozi nyembamba haiwezi kustahimili. Inachanika hewani. Kile kimoshi alichoona Ione ndiyo risasi yenyewe, imekuwa vumbi."

"Nani mwingine Kolstad ana risasi hizi?"

"Hakuna. Mimi peke yangu."

"Mzee, usinijibu haraka hivyo. Unajifunga kamba mwenyewe."

"Sasa nidanganye?"

Arlys aliketi juu ya ndoo. Kila kitu kilimwelekea mzee huyu: risasi zake, mikono yake, sababu yake. Mtu mwingine angemtia pingu akaenda kula. Lakini mhalifu anayekufundisha jinsi alivyotenda uhalifu, tena kwa furaha ya mwalimu, alikuwa hajamwona bado. Kisha akakumbuka ripoti aliyoiacha nusu mezani kwake tangu Jumatano.

Jumatano Bibi Ione alikuwa amepiga simu kulalamika kwamba tangi lake la kunyweshea ng'ombe limetobolewa na risasi. Arlys alikwenda, akaliona tundu: dogo, la mviringo, safi, upande mmoja risasi ikaingia na upande wa pili ikatoka. Verlin alikuwa anapiga kuchakuro siku hiyo hiyo kwenye malisho ya jirani. Aliapa mbele ya Biblia ya Ione kwamba risasi zake haziwezi kutoboa tangi, zingepasukia nje yake kama yai. Arlys alidhani mzee anajitetea tu.

"Jumatano ulipiga kuchakuro wangapi?" aliuliza.

"Kumi na mmoja, kila mmoja kwa risasi moja." Mzee alikuna kidevu. "Na walinishangaza. Walikufa vizuri mno."

"Vizuri vipi?"

"Kwa adabu. Tundu dogo huku, tundu dogo kule. Kwa kawaida hapabaki kitu cha kuzika. Mmoja nilimpiga, akamalizia kwanza kutafuna."

Arlys alisimama. "Lete hilo kopo."

Alichagua kichwa kimoja kutoka kwenye kopo la Verlin, akakibana jiliwani, akakikata mwenyewe, jasho likimtiririka puani. Kilipoachana hakuhitaji kuelezwa. Ngozi ya shaba ilikuwa nene.

"Hii ni ya shabaha!" alisema mzee. "Kopo langu limeingiliwa na nini?"

Walimwaga kopo zima juu ya meza. Arlys aligeuza vichwa kimoja kimoja akivitazama kitako. Kila kimoja kilikuwa na kistari kidogo cha wino wa bluu, nadhifu, kana kwamba kimechorwa kwa rula.

"Hizi alama unaweka wewe?"

"Alama? Macho yenyewe ya kuandika kitu kidogo hivyo ninayo?"

"Ulikuwa na vingapi humu?"

"Mia moja kamili. Nilitengeneza wiki iliyopita, sikuwa nimegusa hata kimoja mpaka Jumatano."

Walihesabu. Themanini na tisa. Ongeza kuchakuro kumi na mmoja wenye adabu, zikawa mia. Arlys alianza kucheka, akajiziba mdomo. Alikuwa amekamata wezi wengi, lakini mwizi aliyeacha mahali pake vitu vya idadi ile ile, vilivyopimwa na kutiwa alama, alikuwa mgeni kwake. Na mji mzima ulikuwa na mtu mmoja tu anayezima feni ili apime risasi.

Verlin naye alikuwa ameelewa. Hakucheka. Aliketi polepole kwenye kigoda cha mashine yake.

"Angeniomba," alisema. "Ningempa. Kwa nini hakuniomba?"

Arlys alimhurumia. Alikusanya vipande vya risasi akavitia kwenye bahasha.

Saa kumi na mbili ukumbi wa klabu ulikuwa umejaa. Wanachama thelathini na mmoja walikuwa na sahani za nyama ya kusaga na viazi mbele yao, na saladi ya jeli ya kijani ambayo hakuna aliyeiomba wala aliyethubutu kuikataa. Verlin aliketi meza ya mlangoni. Viti viwili vya kila upande wake vilikuwa vitupu.

Bibi Ione aligonga glasi kwa uma. "Hoja iliyo mbele yetu ni kumfukuza Verlin Aune kwa kanuni ya tisa. Kabla ya kura, naibu sherifu ana neno."

Arlys alisimama na kopo la kahawa kwapani. "Nina maswali tu. Bwana Duane, vile vichwa mia vya Pasaka, ulivipima?"

"Vyote."

"Na ukishapima, unajuaje kipi umeshapima?"

"Naweka alama, afande. Kistari cha bluu kwenye kita—"

Aliishia hapo hapo. Arlys akamimina kopo kwenye sahani tupu, vichwa vikalia juu yake kama mvua ya mawe. Akachukua kimoja, akampa Bibi Ione, aliyekitazama kitako kwa darubini yake aliyoigeuza nyuma mbele, ikawa kama hadubini.

"Bluu," alitangaza mwenyekiti kwa ile sauti ya ng'ombe.

"Hivi vimetoka kwenye kopo la kuchakuro la Mzee Verlin," alisema Arlys. "Na vya kuchakuro vimetoka kwenye bunduki ya Bwana Duane, vikawa moshi. Nani anieleze vilipishanaje?"

Duane alisimama. Alikuwa mwekundu, kisha mweupe, kisha akarudi mwekundu.

"Jumapili iliyopita," alisema. "Wakati wa ibada, yeye yuko kanisani. Banda halina kufuli. Niliona kopo lina jina lake. Nikasema, hizi ndizo anazojiwekea mwenyewe. Mtu anayenishinda mara mbili kwa bunduki kuukuu namna ile, lazima kuna kitu kwenye kopo! Lakini nilirudishia! Mia kwa mia! Mimi si mwizi."

"Hukuzijaribu kwanza?" aliuliza mtu.

"Uzito ulikuwa ule ule. Na zilikuwa mia tu. Sikutaka kuzipoteza."

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Bibi Ione aligonga glasi mpaka karibu aivunje. "Na ukamtuhumu yeye?"

"Zilipokataa kufika nilidhani amenitegea mtego."

"Amekutegea mtego ndani ya banda lake, juu ya rafu yake, kwenye kopo lenye jina lake, akaenda kanisani kukusubiri?"

Duane aliketi, akaisukuma sahani yake mbali.

"Vile vizuri niliwapa ninyi," Verlin alisema kutoka mlangoni, na watu wakageuza viti ili wamsikie. "Miaka yote. Kopo langu ni la panya wa shambani tu. Nakushinda, Duane, kwa sababu nangoja upepo. Wewe hungoji hata chai ipoe."

"Na tangi langu?" aliuliza Bibi Ione.

"Limetobolewa na Mzee Verlin kwa risasi za Duane, moja ilimpita kuchakuro ikaendelea na safari," alisema Arlys.

"Basi mtaliziba wote wawili kesho baada ya ibada. Sasa kura." Hoja ya kumfukuza Verlin haikupata mkono hata mmoja, na mtu akahamisha kiti chake akaketi kando ya mzee. Lakini mkulima mmoja wa meza ya nyuma akasimama. Kanuni ya tisa ipo, alisema. Risasi zimechezewa, mtu wa watu ametuhumiwa bure. Yeye anatoa hoja ya kumfukuza Duane Schock. Hoja ikaungwa mkono kabla hajaketi.

"Wanaokubali," alisema Bibi Ione bila furaha.

Mikono ilianza kunyanyuka, kumi, kumi na tano, ishirini na zaidi. Walikuwa na hasira, na hasira yao ilikuwa ya haki. Arlys hakuwa na haki ya kupiga kura, kwa hiyo alikaa akitazama.

"Subirini," alisema Verlin. Alisimama kwa kushikilia meza. "Mkimfukuza huyu, Jumamosi mimi nitamshinda nani?"

Mkulima wa nyuma akashusha mkono wake kwanza, akajifanya anatafuta chumvi. Wengine wakafuata, meza baada ya meza, mpaka Bibi Ione akabaki na mkono mmoja wa kuhesabu. Ulikuwa wa Duane.

"Duane," alisema, "teremsha mkono."

"Kanuni ni kanuni," alisema Duane. Macho yalikuwa yamemjaa maji na hakuyafuta, maana mkono wa kufutia alikuwa ameunyoosha juu.

Verlin alikatiza ukumbi mzima kwa magoti yake mabovu, akipita kati ya viti bila haraka. Akamshika Duane kifundo cha mkono, akauteremsha mpaka mezani, akaukandamiza pale kwa kiganja chake, wala hakuuachia mpaka mwenyekiti alipomaliza kuhesabu.